Daftari la Sukumaran

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa uongo:
"Msimu huu, Maskati yote imevaa zambarau."
Nikainuka, nikaenda dirishani.
Mtaa mzima wa Sibu nilihesabu zambarau moja,
nayo ilikuwa bilingani
kwenye toroli la Mbaluchi, mbele ya msikiti.

Nikafuta. Nikaandika "maridadi". Nikafuta.
"Vazi la kuvutia lenye mvuto." Ya Rabi.
Shangazi Ghaniya, anapepeta mchele,
akauliza naandika barua ya nani
hata najikuna kichwa namna ile.
Nikamsomea.
Akacheka mpaka ungo ukamwaga.
"Maneno hayo umeyaazima wapi?
Nguo ya kuazima, mwanangu, haisitiri matako."

Basi Alhamisi nikashika njia ya Ruwi
na daftari jipya la baiza mia tatu,
kwa Sukumaran, fundi wa kanzu,
nyuma ya maduka ya simu,
pale kiyoyozi kinapodondosha maji ndooni
na redio inajisemea Kimalayalamu peke yake.
Namjua tangu nikimfuata baba
siku za kujaribu kanzu ya Idi,
mimi chini ya meza naokota vishada vya shingo
vilivyokatwa vibaya: vyeupe, vya rangi ya samli,
kimoja cha kijani,
nikavifanya nywele za mwanasesere.

Nimekuja kuandika habari za mitindo, n'kamwambia.
Kipi kinatoka sasa, kipi kinaingia?
Akatoa pini mdomoni, moja moja. Zilikuwa sita.
Kwa Kiarabu chake cha kukata na kuunga akajibu:
"Hapa, dada, inaingia mikono. Inatoka mikono."
Akaburura kutoka chini ya cherehani
daftari la jalada la nailoni
akarudi kwenye vifungo vyake.

Kurasa na kurasa za watu bila nyuso.
Mvulana wa Al-Khuwair
anayepanda kila Idi kama bili ya umeme.
Bwana harusi aliyekuja na kiuno
akarudi na tumbo, mwaka haujatimia.
Mmoja aliagiza bluu ya bahari, akalipa nusu;
ingali pale, ndani ya mfuko wake,
miaka tisa inamngoja msumarini.

Na jina moja, kwa herufi za mviringo
ambazo ilibidi anisomee:
Humud bin Nassor. Urefu, hamsini na nane.
Mwaka wa pili, hamsini na nane.
Kisha hamsini na saba na nusu.
Kisha hamsini na saba, na mshale mdogo
ukielekea chini, bega la kushoto.
Kisha hamsini na sita na robo.
Kisha karatasi tupu.

Nilikula naye kila Ijumaa, sahani moja.
Sikumwona akipungua.
Mwenye futi ya kamba alimwona,
akapandisha pindo, akanyamaza,
akamtoza rial zile zile nane.

Usiku. Udi umezimika chetezoni.
Zambarau sikuiandika.
Nimeandika: Hamsini na sita na robo.
Kisha kitambaa: pamba ya Kijapani,
nyeupe, lakini si nyeupe hasa.
Kisha kile kishada alichokichovya mafuta
kila asubuhi, kabla ya kahawa,
hata harufu ikawa inatangulia kutoka
na yeye bado anatafuta viatu.

Hapo nikakwama.
Shingo ya kanzu, ikishafuliwa mara mia,
ile rangi inayobaki kwenye mkunjo, inaitwaje?
Si manjano. Si majivu.
Nikaenda kumwuliza Shangazi, aliyekuwa akizifua.
Nilidhani kalala.
Akajibu gizani, uso ukutani:

"Inaitwa Humud.
Kazime taa."